BAWABA ZA MLANGO WA MOTAKAA

Mwanafunzi akiutazama mlango wa darasa lake ataona ya kuwa upande mmoja hutembea mwendo mrefu, na upande wa pili hauendi popote. Upande ule usiokwenda ndio wenye kazi. Hapo pana bawaba, na kila bawaba ina vipande viwili vya chuma: kimoja kimefungwa kwenye mwimo, kimoja kwenye mlango. Vipande hivyo huingiana kama vidole vya mikono miwili, na katika matundu yao hupita chuma chembamba cha mviringo kiitwacho pini. Pini zile ndizo zichukuazo uzito wote wa mlango.

Mlango wa motakaa umeundwa vivyo hivyo, ila taabu yake ni kubwa zaidi. Nyumba imesimama mahali pake, motakaa haisimami. Kila gurudumu liingiapo shimoni mlango hurushwa juu na kuanguka tena juu ya pini zake, na vumbi huingia katikati ya chuma na chuma, likasaga kama mchanga. Kwa hiyo motakaa iliyo kuukuu, hata kama injini yake ni nzima, mara nyingi huwa na mlango uliolegea. Habari hii yaeleza jinsi fundi mmoja wa mji wa Moshi alivyozitoa pini zilizolika na kutia mpya.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mji ule alikuwa na motakaa ya Volkswagen, ya namna ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, iliyoundwa mwaka 1966. Motakaa za namna hiyo zilienea sana zamani katika Afrika ya Mashariki. Ndizo zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, katika njia za vumbi na tope. Ya mwisho iliundwa mwaka 2003 katika mji wa Puebla, nchi ya Meksiko. Basi ile ya mwalimu ilikwenda vizuri, lakini mlango wake wa kushoto, yaani upande wa abiria, ulikuwa umeshuka. Ili kuufunga ilimpasa mtu auinue kwa mikono miwili, kisha ausukume kwa nguvu.

Mtu mmoja wa kando ya njia alimwambia mwalimu ya kuwa kazi ni ndogo. Akalishusha lile bamba la chuma lipokealo ulimi wa kitasa, akalikwangua kwa tupa mpaka ulimi ukaingia. Mlango ukafungika, mwalimu akalipa, akaenda zake akiwa ameridhika. Lakini haikupita miezi mingi, siku moja kwenye kona, mlango ukafunguka wenyewe motakaa ikiwa mwendoni. Mjukuu wake wa miaka 6 alikuwa ameketi karibu na mlango. Bibi yake alimdaka kwa gauni, miguu ya mtoto ikiwa tayari nje. Tangu siku hiyo mlango ule ulifungwa kwa kamba. Hata hiyo kamba ilikuwa na hatari yake, kwa maana aliyeketi upande ule hakuweza kutoka mpaka mwingine amfungulie. Na motakaa yaweza kupinduka, tena yaweza kushika moto.

Ndipo mwalimu alipoipeleka kwa fundi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema fundi, akiitazama kamba.

"Marahaba, Fundi. Nataka kitasa kipya."

Fundi hakujibu upesi. Aliifungua kamba, akaufungua mlango nusu, akamwita kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Akamwambia aushike mlango kwenye ncha, chini ya kitasa, auinue na kuushusha polepole. Yeye mwenyewe akachutama mbele ya bawaba, akatazama. Kila kijana alipoinua, kipande cha bawaba cha mlangoni kilipanda kidogo na kuelekea ndani, na kile cha kwenye mwimo kilitulia. Katika kiungo chenyewe palikuwa na unga mwekundu, mfano wa tumbaku ya kunusa. Unga ule ni kutu na chuma kilichosagika.

"Mwalimu," akasema, "kitasa chako hakina kosa. Ulimi unakwenda mahali pake pa siku zote, ila mlango wenyewe haupo tena mahali pake. Ukinunua kitasa kipya, nacho kitakosa vilevile."

Jambo hili huwapoteza wengi. Ubovu huonekana kwenye kitasa, nao umekaa upande wa pili. Hesabu kidogo yaweza kuonyesha sababu. Tuseme mlango una urefu wa sentimita 90 toka bawaba hata kitasa, na bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimita 40. Tuseme bawaba ya juu imelegea milimita 1 tu. Mlango utainama, na kila sentimita 40 zitatoa milimita 1 ya kushuka. Basi katika sentimita 90 ncha itashuka milimita 2 na robo. Na kama bawaba ya chini nayo imelegea milimita 1, huku ikisukumwa upande wa pili, ncha itashuka milimita 4 na nusu. Ulimi wa kitasa hauhitaji kukosea zaidi ya hapo. Ulegevu usioonekana kwa jicho kwenye bawaba huwa mkubwa ufikapo kwenye kitasa.

Uzito nao huongezeka kwa njia iyo hiyo. Mlango wa kilo 24, ambao katikati ya uzito wake ni sentimita 45 toka bawaba, huivuta bawaba ya juu kana kwamba kilo 27 zimefungwa kwake kwa kamba na kuvutwa nje. Na bawaba ya chini husukumwa ndani kwa nguvu kama hiyo. Ukiongeza mtoto apendaye kujining'iniza mlangoni, hesabu huzidi. Wenye motakaa huwakemea watoto kwa sababu hii, ingawa wengi wao hawaijui.

Kabla ya kushika nyundo, fundi alitazama jambo moja jingine. Alibonyeza na kugonga mwimo kwa kidole gumba kuzunguka bawaba zote mbili. Kama chuma cha mwimo kingalikuwa kimeoza kwa kutu au kimepasuka, kipande cha bawaba kilichofungwa humo kingalitikisika pia, na pini mpya zingalikuwa kazi bure. Lakini mwimo ulikuwa imara. Skrubu zishikazo bawaba hakuzigusa kabisa. Kijana akauliza kwa nini asizifungue, maana mlango ungetoka upesi zaidi.

"Skrubu hizi zimekaa hapa toka kiwandani," fundi akamjibu. "Ndizo zijuazo mahali pa mlango. Tukizilegeza, kesho tutahangaika kutafuta mahali pale pale. Tena zimeshika kutu. Ukikata kichwa cha moja utaijutia siku nzima."

Jioni ile alitia mafuta mepesi juu na chini ya kila pini, akaacha yanywe usiku kucha. Wako mafundi wasiokuwa na subira, nao huichoma bawaba kwa moto wa gesi ili chuma kitanuke na kuachia. Katika Volkswagen ya namna hii ni hatari kubwa, kwa sababu tangi la petroli liko mbele, chini ya kifuniko, karibu kabisa na bawaba za milango. Fundi huyu hakuruhusu hata sigara mahali pale.

Asubuhi kazi ikaanza. Kwanza aliuondoa ule mkono mfupi wa chuma uzuiao mlango usifunguke kupita kiasi, maana ungebaki ungeushika mlango upande mmoja na kuupotosha. Kisha akaweka jeki chini ya mlango, na juu ya jeki ubao, na juu ya ubao kipande cha mpira wa gurudumu ili rangi isichubuke. Akaipandisha jeki kidogo kidogo mpaka uzito wote ukawa juu ya ubao, wala si juu ya pini. Hapo ndipo penye busara ya kazi hii. Pini iliyobanwa na uzito haitoki kwa heri. Na ikitoka, mlango huanguka. Mlango wa chuma ukiangukia mguu huvunja mifupa. Kijana akawekwa kuushika mlango kwa mikono miwili, na akaonywa asiuache hata akiitwa na mama yake.

Fundi alianza na pini ya chini, akaiacha ya juu iwe ya mwisho. Kama ilivyosemwa, bawaba ya juu ndiyo ivutwayo nje. Maadamu imeshikwa, mlango hauwezi kumpindukia mtu. Alitazama upande gani pini ina kichwa, kwa kuwa pini hutolewa kwa kuelekea upande wa kichwa chake. Nyundo hakuitumia kwanza. Alichukua jiriwa ndogo ya mkono, akaweka chini ya pini kipande cha chuma chembamba kuliko pini yenyewe, na juu yake nati kubwa yenye tundu la kuipokea pini itokapo. Akakaza polepole. Pini ikalia mara moja, ikaachia. Baada ya hapo aliigonga kwa panchi, mapigo mafupi, mpaka ikatoka. Mtu apigaye kwa nguvu toka mwanzo huikunja bawaba, au huiponda ncha ya pini ikachanua kama uyoga; na pini iliyochanua haipiti tena katika tundu lake.

Pini ya juu ilipotoka, walikishusha chote pamoja, jeki na mlango, wakaulaza mlango juu ya magunia.

Pini ile ya juu mwalimu aliishika mkononi asiamini. Katikati yake palikuwa na shingo, kana kwamba panya wameitafuna upande mmoja. Fundi akamwonyesha na matundu. Katika kipande kimoja cha bawaba tundu lilikuwa bado duara zuri, kwa kuwa humo pini hukaa imebana wala haizunguki. Katika kipande cha pili, ambamo ndimo izungukamo, tundu lilikuwa limekuwa kama yai.

Hapa kijana alifanya haraka. Alichukua pini mpya ya unene ule ule wa zamani, akaitia katika tundu la yai, akafurahi kuona imeingia bila taabu. Fundi akaitikisa kwa kidole; ikacheza.

"Umeingiza mguu wa mtoto katika kiatu cha baba," akasema. "Mwaka hautapita kabla mlango haujashuka tena."

Pini ikilika, kwa kawaida tundu hulika nalo, na kubadili kimoja peke yake ni nusu ya kazi. Ziko njia mbili za kulitengeneza. Katika motakaa nyingine tundu lina bushi, yaani kimwanzi kifupi cha shaba kilichopigiliwa ndani yake. Ndivyo zilivyo zile motakaa za mizigo za Chevrolet za Marekani za miaka 1973 hadi 1987. Shaba ni laini kuliko chuma cha pini, basi huiacha pini na kulika yenyewe. Nayo hununuliwa kwa bei ndogo, ikasukumwa nje na mpya ikasukumwa ndani. Waliobuni jambo hili walikuwa watu wenye akili. Lakini katika Volkswagen ya mwalimu pini huzunguka ndani ya chuma chenyewe cha bawaba, wala hapana bushi. Huko tundu hukwanguliwa mpaka liwe duara tena, na pini mpya huwa nene kidogo kuliko ya kwanza. Pini nene za namna hiyo hupatikana kwa wauzao vyombo vya motakaa za zamani.

Fundi alilikwangua tundu kwa mkono, si kwa keekee ya umeme, akikigeuza chombo chake chenye makali polepole, akikitoa mara kwa mara na kuifuta taka, na kuijaribu pini. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko nyingine zote, nayo haina la kusimulia. Mahali pa kuzunguka alilikwangua mpaka pini ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kucheza. Mahali pa kubana aliliacha gumu zaidi, ili pini iingie kwa nyundo tu. Kama angelegeza pote, pini ingepanda juu kidogo kidogo kwa mtikiso wa njia, mpaka siku moja ikatoka. Kama angebana pote, bawaba ingekuwa ngumu, na mwenye motakaa akilazimisha angeivunja.

Baada ya kusafisha kwa kitambaa na kupaka mafuta, mlango ulirudishwa juu ya jeki. Safari hii walianza na bawaba ya juu. Matundu hayakuelekeana kwa mara ya kwanza, na kijana akanyosha kidole ili aone kama yamekutana. Fundi akaukamata mkono wake upesi. Mlango ukiteleza milimita 5 tu wakati kidole kimo tunduni, vipande viwili vya bawaba hukikata kama mkasi. Ncha ya pini kuukuu ndiyo itumikayo kuyatafuta matundu, na kidole hukaa mbali. Jeki ikapandishwa kidogo, ikashushwa kidogo, ncha ikapita. Ndipo pini mpya ikatiwa, ikagongwa kwa nyundo ya mbao, na kwa kila mapigo machache kijana aliusogeza mlango mbele na nyuma ili kuona kama bado ni mwepesi. Ya chini ikafuata.

Jeki ilipoondolewa, mlango ulibaki mahali pake. Nafasi kati yake na mwili wa motakaa ilikuwa sawa juu hata chini, kama mstari uliochorwa kwa rula. Lakini mlango haukufungika. Mwalimu akashangaa. Sababu yake ilikuwa lile bamba lililoshushwa na kukwanguliwa: mlango umerudi juu, na bamba liko chini. Kosa la kwanza lilipofunikwa kwa kosa la pili, yote mawili yalipasa kuondolewa. Fundi alilitoa bamba lililoharibiwa kwa tupa, akafunga jingine zima, akalipandisha na kulishusha mpaka ulimi ukaingia katikati bila kugusa juu wala chini, kisha akakaza skrubu. Akausukuma mlango kwa vidole viwili. Kitasa kikalia mara moja, mlango ukatulia. Akaurejesha na ule mkono wa kuzuia.

Mwalimu aliuliza ni kitu gani kilichoziua pini zile, maana motakaa ile hakuipeleka mbio. Fundi akamwonyesha juu ya bawaba kifuniko kidogo cha plastiki, kama kifungo cha shati. Chini ya kifuniko hicho pana tundu la kutilia mafuta. Upande ule wa kushoto vifuniko vyote viwili vilikuwa vimepotea, hata mwalimu hakukumbuka toka lini. Mvua iliingia, vumbi likaingia, na mafuta hayakuingia. Fundi akadondosha matone machache ya mafuta ya injini katika kila pini mpya, akafunika kwa vifuniko vipya, akafuta mafuta yaliyozidi, kwa kuwa mafuta yaliyo nje hushika vumbi na kulipeleka ndani.

Kisha akazunguka upande wa dereva, akaufungua mlango nusu, akamwita kijana aushike kwenye ncha na kuuinua. Bawaba ya chini ilikuwa imara. Ya juu ilicheza, kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi, na kifuniko chake kilikuwa kimepasuka. Fundi akatia mafuta, akabadili kifuniko, akamwambia mwalimu airudishe motakaa baada ya mvua za masika ili bawaba ile itazamwe tena. Mwalimu akaikunja ile kamba, akaitia chini ya kiti, akaenda kumchukua mjukuu wake shuleni.